Daftari, Excel, Google Sheets au LibreOffice: ipi ikushikie mapigano mezani?

Raundi ya nne. Maharamia wanane wamepanda jahazi, nahodha wao yuko omo na jambia mkononi, na mimi ninayeendesha mchezo huu wa hadithi na dadu sijui tena yupi amejeruhiwa na yupi mzima. Pembeni mwa karatasi nilikuwa nimeandika "wa 3: 11, 6, 2", nikafuta, nikachora mshale, nikaandika juu ya nilichofuta. Fundi wa majahazi anayecheza nasi, ambaye huja kutoka Matondoni kila Alhamisi na mfuko wa bajia, akaniuliza kwa Kiamu chake cha taratibu: "Maalim, huyu si mefa huyu?"

Kweli alikuwa amekufa, tangu raundi ya pili. Na maiti huyo nilikuwa nimeshamtumia kumkata upanga mhusika wa binamu yangu mara mbili.

Usiku huohuo nikafungua lahajedwali la kwanza, yaani jedwali la kompyuta linalojihesabia lenyewe. Toka hapo nimejaribu njia nne kwenye meza yetu: daftari na kadi, Excel, Google Sheets, na Calc ya LibreOffice. Kila ninayemwonyesha huniuliza ipi bora, nami humjibu kwa swali: umeme ukikatika na bando likiisha katikati ya mapigano, unataka kubaki na nini mkononi?

Kazi yenyewe

Kwa asiyeujua mchezo: tunacheza Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974 mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunatumia toleo la tano, la 2014. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mwendeshaji husimulia hadithi na kuwaendesha maadui. Hadithi ikifika kwenye ngumi, hugeuka hesabu. Kila mmoja anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza alama za wepesi wake ili ijulikane nani anatangulia. Sisi huiita kura ya zamu. Anayeshambulia anarusha dadu ileile, anaongeza alama zake, na akifikia kinga ya adui basi amempiga. Zinafuata dadu za madhara, na madhara yanatolewa kwenye uhai. Raundi moja ni sekunde 6 za ndani ya hadithi, kwa hiyo uchawi wa dakika moja hudumu raundi 10.

Jambazi wa kawaida katika kanuni, ambaye sisi tumemvika kilemba na kumwita haramia, ana kinga 12 na uhai 11. Nahodha wake ana kinga 15 na uhai 65. Takwimu hizi zinakili bila hofu, maana tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo hili, zinazoitwa SRD 5.1, ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Unachodaiwa ni kutaja zilikotoka.

Hesabu zenyewe mtoto wa darasa la nne anaziweza. Kinachomshinda mtu ni kukumbuka. Maharamia wanane, nahodha, na wachezaji watano ni watu 14, na kila mmoja ana zamu yake, kinga yake, uhai wake, na pengine sumu au uchawi unaokwisha raundi fulani. Juu ya hayo unatakiwa usimulie, utie sauti ya nahodha, na umjibu mtu anayeuliza kama kamba ya tanga inakatika kwa kisu. Kwa hiyo kifaa nakipima kwa jambo moja: kinanikumbushia nini, na kikiharibika kinaondoka na nini.

Daftari usilidharau

VisiCalc, lahajedwali la kwanza la kompyuta za watu binafsi, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, lilitoka 1979. Mchezo ulikuwa na miaka mitano tayari, na watu walikuwa wakipigana na mazimwi kwa penseli bila kulalamika. Hadi leo, kwa maadui watatu au wanne, daftari linashinda kompyuta yoyote. Halisubiri kuwaka, wala halikuombi nywila.

Ukichagua njia hii, tumia kadi badala ya orodha. Kila mshiriki kadi yake: jina, kinga, uhai. Zipange kwa zamu, wa juu akimaliza mpeleke chini ya rundo. Mtu akiamua kuchelewesha zamu yake unaivuta kadi na kuichomeka pengine, jambo ambalo kwenye lahajedwali linahitaji kupanga upya. Hapa kadi hazina mpinzani, na bado sijaona fomula inayofanya hivyo kwa wepesi wa kidole.

Ila sisi tunachezea darini, Mkomani, chini ya makuti, kwa sababu ndani joto halikaliki. Julai moja kusi ilipiga pigo moja tu, kadi sita zikapaa. Tano tulizikuta pembeni mwa ukuta. Ya sita, ya nahodha mwenyewe, ilipatikana asubuhi kichochoroni, imekanyagwa na punda, na alama ya kwato imefunika kinga yake. Tukaanza kuzikandamiza kwa vikombe vya kahawa. Shida ikawa kwamba kila anayetaka kunywa huinua kikombe, na zamu ya mtu huenda na maji.

Maadui wakizidi sita, nawaacha wenye kadi na kadi zao.

Kwa mtazamo mmoja

| | Daftari na kadi | Excel | Google Sheets | LibreOffice Calc |
|---|---|---|---|---|
| Gharama | bei ya daftari | hulipiwa; ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti | bure ukiwa na akaunti | bure |
| Bila mtandao | ndiyo | ndiyo, ikiwa imesakinishwa | ndiyo, ukiandaa mapema | ndiyo |
| Kwenye simu | – | ipo, bila makro (amri za kujiendesha) | ipo, na inatosha | usiitegemee |
| Dadu inayotulia | ya mkononi | hapana | hapana | ipo |
| Wachezaji kuona kwenye simu zao | – | inawezekana | rahisi sana | hapana |

Jedwali kama hili humfanya mtu achague haraka akajuta taratibu. Mstari wa nne, ule wa dadu, ndio ulionigharimu usiku mzima.

Dadu zinazojirusha zenyewe

Zote tatu zina fomula hii: =RANDBETWEEN(1,20). Inakupa namba yoyote kati ya 1 na 20, kama dadu. Nilipoijua nilifurahi kama mtoto aliyepewa mabuyu. Nikaiweka kwenye safu ya kura ya zamu kwa watu wote 14, nikajumlisha wepesi, nikawatangazia: mwalimu mmoja anayecheza nasi anatangulia, kisha haramia wa 5, kisha fundi, mpaka wa mwisho.

Mwalimu akampiga haramia wa kwanza. Nikaandika 5 kwenye safu ya madhara, nikabonyeza Enter. Zamu zote zikabadilika mbele ya macho yangu. Mwalimu aliyekuwa wa kwanza akawa wa 11, na nahodha aliyekuwa mkiani akapanda juu kabisa. Nilidhani nimegusa kitu. Nikaandika madhara mengine, zikabadilika tena.

Hiyo si hitilafu. Ndivyo fomula hiyo ilivyotengenezwa: seli yoyote ya laha ikibadilika, nayo inarusha dadu upya. Excel inakuruhusu kuzima ukokotoaji wa papo hapo, kisha ukabonyeza F9 unapotaka hesabu zifanyike. Lakini ukifanya hivyo, hata kutoa madhara kwenye uhai kunasubiri F9, na utajikuta unasoma uhai wa raundi iliyopita. Google Sheets haina namna ya kuzima. Mipangilio yake inakupa kukokotoa kila mabadiliko yanapofanyika, au pamoja na hayo kila dakika, au kila saa. Dawa ya zote mbili ni ileile: rusha, nakili safu nzima, kisha bandika thamani tupu juu ya fomula. Kwenye laptopu ni sekunde tatu. Kwenye simu, kwa kidole kilichoshika bajia, ni safari.

LibreOffice hapa imewapita wenzake. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020 ina RANDBETWEEN.NV, ambayo hurusha mara moja ikatulia. Andika madhara mangapi utakayo, haiguswi. Ukitaka irushe tena unaweka kielekezi juu ya seli yenyewe na kubonyeza F9, au Ctrl+Shift+F9 kwa zote kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba Excel haiifahamu, kwa hiyo ukimpelekea faili mtu wa Excel, akikokotoa upya ataona neno la kosa badala ya dadu.

Baada ya kuhangaika na haya yote nimefika mahali wengi hawatakubaliana nami: dadu nyingi zisiingie kwenye kompyuta kabisa. Wachezaji warushe zao kwa mkono. Maharamia wadogo wanane, sawa, hao wape fomula. Wakimshambulia mtu mwenye kinga 16, kila mmoja akiwa na alama 3 za kuongeza, anahitaji 13 au zaidi kwenye dadu. Hiyo ni nafasi 8 kati ya 20, yaani asilimia 40. Wanane kwa wastani watapiga mara 3.2. Kurusha dadu nane, kujumlisha nane na kulinganisha nane kwa mkono kunaua mchezo, na hapo lahajedwali linaokoa dakika za kweli.

Nahodha ni mwingine. Siku niliyomrushia nahodha kwa kompyuta akapata 20 mara mbili mfululizo, na 20 tupu maana yake dadu za madhara zinarushwa maradufu, binamu yangu alifunga kitabu akasema, "Hiyo laptopu yako ina kijicho." Hakuna aliyeona dadu ikianguka. Sasa dadu ya nahodha inarushwa kwenye sinia la kahawa, katikati ya watu, na sauti yake peke yake inatosha kunyamazisha dari.

Kupanga zamu, na sumu iliyohama

Mtego wa pili ni wa kupanga. Google Sheets kwa miaka mingi ina fomula ya kupanga: =SORT(A2:F15,2,FALSE) inachukua orodha yako na kuionyesha upya, mwenye kura kubwa juu. Excel inayo pia, lakini kuanzia Excel 2021 na Microsoft 365 tu, na mwishoni huandikwa -1 badala ya FALSE. LibreOffice ilichelewa, ilikuja na toleo la 24.8 la mwaka 2024. Kama Excel ya laptopu yako ni ya zamani, ambayo ndiyo hali ya laptopu nyingi ninazoziona hapa kwetu, fomula hii haipo kabisa.

Nami nilikuwa na orodha ya asili kwenye laha moja, na orodha iliyopangwa kwenye laha ya pili, safi kabisa. Pembeni mwa ile ya pili nikawa naandika hali: "sumu" mbele ya haramia wa 6. Likaja jahazi la pili la maharamia, nikawaongeza, orodha ikajipanga upya. Majina yakashuka, lakini neno "sumu" lilibaki palepale nilipoliandika, na sasa lilikuwa mbele ya mhusika wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Raundi mbili nzima binti wa watu alikuwa akirusha dadu mbili na kuchukua ndogo, kwa sumu ambayo hakuinywa, na kwa adabu zake hakusema kitu.

Fomula ya kupanga inaonyesha tu. Unachoandika pembeni yake hakimfuati mtu. Hivyo ama uandike hali zote kwenye laha ya asili, au uachane na fomula na upange kwa mkono mara moja mapigano yanapoanza: chagua mistari mizima, panga kwa safu ya zamu, basi. Mimi nimerudi kwenye kupanga kwa mkono, na kwa hilo programu zote tatu ni sawasawa.

Kuhusu kura zinazolingana, ongeza wepesi uliogawanywa kwa 100. Nahodha mwenye wepesi 16 aliyepata 14 anakuwa 14.16, haramia mwenye wepesi 12 anakuwa 14.12, na mabishano yamekwisha. Ni desturi ya wachezaji tu. Kanuni zinaacha watu waamue.

Kitufe kinachohitaji mtandao

Kila anayetengeneza kifaa hiki hufika siku ya kutaka kitufe: ubonyeze, zamu isogee kwa mtu anayefuata, raundi ijihesabu. Kwenye Excel kitufe hicho ni makro, na kwenye laptopu kinafanya kazi vizuri mno. Kwenye simu hakiendi, na kwenye Excel ya kivinjari makro za VBA (lugha ya kuandikia makro) haziendeshwi.

Google Sheets ina programu zake ndogo za kuandika mwenyewe. Ukichora kitufe na kukifunga kwenye programu hiyo, kwenye laptopu kinabonyezeka, kwenye programu ya simu hakisikii. Ujanja unaojulikana ni kutumia kisanduku cha tiki: ukikitia tiki, laha imehaririwa, na programu iliyowekwa isubiri uhariri inaamka. Nilifanya hivyo na nikajisifu kwa wiki tatu.

Wiki ya nne bando likaisha katikati ya raundi ya tatu. Nikatia tiki, kimya. Nikaondoa, nikatia tena. Kile ambacho sikuwa nimekifikiria ni kwamba programu hizo zinaendeshwa kwenye mitambo ya Google, mbali na simu yangu. Faili nilikuwa nimeliwekea alama ya kupatikana bila mtandao, kwa hiyo hesabu za kawaida ziliendelea: uhai ulipungua, rangi zilibadilika. Kitufe peke yake ndicho kilichokufa, na mimi nilikuwa nimeshasahau kuhesabu raundi kwa kichwa.

Fomula zimo ndani ya faili, zinakwenda nawe hata ukiwa katikati ya mkondo kati ya Lamu na Manda. Sasa raundi ni namba ninayoibadilisha kwa mkono kwenye seli moja juu ya laha. Uchawi unapoanza naandika raundi utakayokwisha, na rangi yenye masharti inaupaka mwekundu namba ya juu inapoufikia. Hakuna kitufe.

Wachezaji wakichungulia

Ushindi mkubwa wa Google Sheets ni kumpa kila mchezaji kiungo, aone kwenye simu yake nani anafuata. Meza inachangamka, na mtu anajiandaa kabla ya zamu yake. Excel inaweza jambo hilo kupitia hifadhi ya mtandaoni, kwa hatua nyingi zaidi. LibreOffice sahau.

Ila kuficha laha si kuifungia. Niliwapa wachezaji faili moja, nikaficha laha yenye uhai wa maadui, na dakika tano baadaye mmoja wao anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini: "Sitini na tano, tusimwendee peke yetu." Tengeneza faili la pili kabisa, livute majina na zamu tu kwa fomula ya IMPORTRANGE kutoka faili lako, na hilo la pili ndilo uwape, kwa kutazama bila kuhariri. Bila mtandao halitajisasisha, na hapo wachezaji watarudi kukuuliza wewe, kama zamani.

Laha yangu ilivyo sasa

Safu ni saba: jina, zamu, kinga, uhai kamili, madhara, uhai uliobaki, hali. Zilikuwa 13. Kwenye skrini ya simu, safu ya nane haionekani bila kusukuma, na usichokiona katikati ya mapigano ni sawa na kisichokuwepo.

Siri iko kwenye safu ya madhara. Zamani nilikuwa nafuta uhai wa zamani na kuandika mpya, na nikikosea hakuna wa kunikosoa. Sasa naandika mapigo yote kwa kuyafuatisha: =7, kisha =7+5, kisha =7+5+3. Seli inaonyesha 15, lakini ukiigusa unaona historia yote. Mtu akisema "lile pigo la pili lilikuwa 4", unabadilisha 5 kuwa 4 na mambo yanaendelea. Tiba inaandikwa kwa kutoa: =7+5+3-6. Hii inafanya kazi kwenye programu zote tatu, kwenye simu na laptopu, na haihitaji kujua chochote zaidi ya kujumlisha.

Ina tundu moja. Mhusika mwenye uhai 20 akipigwa jumla ya 30, kanuni zinasema amefika sifuri, na akitibiwa 5 anaamka na 5. Hesabu yangu itasema bado ana hasi 5. Kwa hiyo anapoanguka, pigo la mwisho nalikata ili jumla iwe 20 kamili. Kabla ya kulikata, tazama ziada: ikilingana na uhai wake wote au kuuzidi, huyo amekufa papo hapo, hakuna tiba. Tiba nayo usiiache ipite uhai kamili.

Pembeni nimeacha seli moja kwa wachawi. Anayeshikilia uchawi kwa umakini akipigwa, lazima arushe dadu kufikia 10 au nusu ya pigo lile, ipi kubwa: =MAX(10,INT(K1/2)), K1 ikiwa seli ninayoandika pigo hilo. Pigo la 26 linadai 13. Angalia usiielekeze kwenye jumla ya madhara, maana kinachohesabiwa ni pigo moja moja. Nilikosea hapo, na mchawi wetu akadaiwa 19 kwa kupigwa kofi.

Nani achukue ipi

Unaanza leo, maadui wachache: kadi, na kitu kizito cha kuzikandamizia.

Una simu tu: Google Sheets, safu saba, bila programu za kujiendesha. Washa upatikanaji bila mtandao ungali una mtandao, kisha jaribu kwa kuzima data nyumbani kabla hujajaribiwa mezani.

Una laptopu kuukuu: LibreOffice. Ndiyo ninayoitumia, kwa ajili ya ile dadu inayotulia na kwa sababu hainidai kitu. F9 ya laptopu yangu inakwama kwa chumvi ya bahari, lakini hilo si kosa la programu.

Excel inunuliwe kwa ajili ya mchezo huu? Hapana. Kama tayari unayo kazini, kama mwalimu wetu anayejazia alama za wanafunzi, basi itumie, hasa ukiwa unajua kuandika makro na hutaki simu mezani. Hakuna inachokukosesha isipokuwa dadu iliyotulia, na umeshajua dawa yake.

Mnaocheza kila mtu akiwa kwao, mmoja Lamu, mmoja Mombasa, mmoja Dubai, msijisumbue na lahajedwali. Roll20 na Foundry, programu za kuchezea mtandaoni, zimetengenezwa kwa hilo na zina orodha ya zamu tayari.

Alhamisi iliyopita umeme ulikatika raundi ya tatu, na betri ya laptopu haikutufikisha ya tano. Kabla ya kila mapigano sasa naandika kwenye daftari mistari ya majina kwa mpangilio wa zamu, basi. Hayo mengine naacha yapotee. Na kila adui anapoanguka, kazi ya kuandika nimempa fundi wa Matondoni. Hufunga daftari kwa mpira kusi isilipeperushe, huwasha tochi ya simu, na mbele ya jina la kila haramia aliyelala huandika, kwa hati ya mtu aliyezoea kuchora mbao, "mefa".